Bangi kwa wachezaji wa kulipwa: kuzuia siku ya mechi, kulegeza au kuondoa marufuku?

Mwaka 2014 mkojo wa Josh Gordon, mpokeaji mipira wa Cleveland Browns, timu ya mpira wa Kimarekani (American football), uligawanywa kwenye chupa mbili kama kanuni zinavyotaka. Chupa ya kwanza ilisoma nanogramu 16 za masalia ya bangi kwa kila mililita. Ya pili, mkojo uleule wa mtu yuleyule, ilisoma 13.63. Kikomo cha NFL, ligi kuu ya mchezo huo, wakati huo kilikuwa 15. Maabara ingeanza na chupa ya pili, pasingekuwa na kesi. Ilianza na ile ya kwanza, na Gordon, ambaye msimu uliotangulia aliongoza ligi nzima kwa yadi 1,646 za kupokea mipira, akafungiwa mwaka mzima. Wiki chache baadaye ligi na chama cha wachezaji walikubaliana kupandisha kikomo hadi 35, na adhabu yake ikashuka hadi mechi 10.

Kesi hiyo ina karibu kila kitu tunachobishania hadi leo: kikomo kilichopangwa na watu mezani, kipimo kisichosema mtu alivuta lini, na adhabu inayokula sehemu kubwa ya kazi ambayo kwa kawaida haidumu miaka mingi. Tangu wakati huo ligi zimeachana njia. Uwe kiongozi wa ligi, mwakilishi wa wachezaji, daktari wa timu au shabiki anayetaka msimamo anaoweza kuutetea, utakuta njia tatu mbele yako, na zote zinatumika mahali fulani. Nitazipima kwa mizani moja.

Vigezo

Cha kwanza ni afya ya mchezaji. Hapa hatuulizi madhara ya bangi tu, tunauliza pia anameza nini akiikosa. Cha pili ni usalama na usawa uwanjani. Cha tatu ni kipimo: kile kinachosomwa maabara kinaonyesha nini hasa? Cha nne ni uzito wa adhabu ukilinganishwa na kosa. Cha tano ni sheria za nchi, kwa sababu mchezaji husafiri lakini sheria ya kwao hubaki nyuma.

Kigezo cha tatu kinahitaji maneno zaidi, maana ndicho watu hukiruka. THC, kemikali inayolevya iliyomo kwenye bangi, hupenda mafuta. Ikishaingia mwilini hujihifadhi kwenye mafuta na kutoka kidogo kidogo. Ulevi wenyewe huisha baada ya saa chache. Masalia huendelea kuonekana kwenye mkojo kwa siku kadhaa kwa anayevuta mara mojamoja, na kwa wiki kadhaa, hata mwezi na zaidi, kwa anayevuta kila siku. Pombe haiko hivyo. Mtu akipuliza kwenye kifaa, polisi barabarani anajua papo hapo kama amelewa. Kwa bangi hakuna kifaa kinachoaminika kwa kiwango hicho. Mkojo, basi, hujibu swali la kama mtu alitumia siku zilizopita. Hauwezi kujibu kama aliingia uwanjani akiwa amelewa.

Hata matokeo ya usiku mmoja yanaweza kupingana. Nick Diaz, mpiganaji wa UFC, ligi ya mapigano mchanganyiko, alipopigana Las Vegas tarehe 31 Januari 2015, alitoa sampuli tatu za mkojo. Mbili zilisomwa na maabara moja na zikawa chini ya kikomo. Ya tatu ilipelekwa maabara nyingine ikasoma juu mara kadhaa ya kikomo hicho. Kamisheni inayosimamia mapigano katika jimbo la Nevada, iliko Las Vegas, ilimfungia miaka mitano, kisha ikapunguza hadi miezi 18. Anayetaka kutetea kanuni yoyote kati ya hizi tatu ajiulize kwanza kama yuko tayari kumwadhibu mtu kwa namba ambayo maabara mbili zinaisoma tofauti.

Njia ya kwanza: marufuku ya siku ya mashindano

Hii ndiyo njia ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli. Inatawala Olimpiki na riadha, na pia mashindano ya FIFA (soka) na FIBA (mpira wa kikapu). THC imekatazwa wakati wa mashindano tu, na kwa kanuni zao mashindano huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku yenyewe. CBD, kemikali nyingine ya bangi ambayo hailevyi, iliondolewa kwenye orodha mwaka 2018.

Afya. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba haijifanyi bangi haina madhara. Moshi ni moshi, na mapafu ya mwanamichezo ndiyo mtaji wake. Kutumia bangi kali kila siku kunahusishwa na uraibu na, kwa baadhi ya watu, hasa vijana, na magonjwa ya akili. Upande wa pili, mwenye maumivu sugu amebaki na mlango mwembamba wa kuomba kibali cha matumizi ya tiba.

Uwanjani. WADA huweka kitu kwenye orodha yake kikitimiza angalau masharti mawili kati ya matatu: kuongeza uwezo, kuhatarisha afya, au kwenda kinyume na roho ya michezo. Baada ya mapitio yaliyofuata sakata la 2021 la mkimbiaji Sha'Carri Richardson, nitakalolieleza hapa chini, THC ilibaki kwenye orodha, ingawa ushahidi kwamba inamfanya mtu akimbie au aruke zaidi ni dhaifu. Uzito uliangukia afya na roho ya michezo. Hoja ya roho ya michezo mimi inanipa shida, kwa sababu kila mtu huijaza anachotaka. Ile ya usalama naikubali bila kusita: mtu aliyelewa hapaswi kuwa kwenye mashindano.

Kipimo. Mwaka 2013 kikomo kilipandishwa kutoka nanogramu 15 hadi 150, na maabara hazitoi taarifa mpaka kiwango kizidi 180. Nia ilikuwa kumnasa aliyetumia karibu na shindano na kumwacha aliyetumia zamani. Kwa mtumiaji wa mara chache, nia hiyo inatimia vizuri. Mvutaji wa kila siku, hata hivyo, anaweza kukaa siku kadhaa bila kugusa bangi na bado akapita kikomo.

Adhabu. Tangu 2021 THC iko kwenye kundi la dawa za kulevya za starehe pamoja na kokeni na heroini. Mwanamichezo akithibitisha kwamba alitumia nje ya mashindano na bila kutafuta ushindi, hufungiwa miezi mitatu, na akimaliza programu ya matibabu inashuka hadi mwezi mmoja. Mwezi mmoja unaonekana mdogo mpaka uangalie kalenda. Sha'Carri Richardson, akiwa na miaka 21, alishinda fainali ya mita 100 kwenye mchujo wa Marekani wa kwenda Olimpiki, mjini Eugene, tarehe 19 Juni 2021 kwa sekunde 10.86. Siku zilezile alikuwa amepata habari ya kifo cha mama yake mzazi kutoka kwa mwandishi aliyekuwa akimhoji, na akavuta bangi. Kifungo chake kilianza tarehe 28 Juni. Kilikuwa kimeisha kabla mbio za mita 100 za Olimpiki ya Tokyo kuanza tarehe 30 Julai, lakini matokeo yake ya Eugene yalikuwa yamefutwa, na nafasi ikaenda nayo. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema mwezi mmoja una uzito gani mpaka ajue umeangukia mwezi upi.

Sheria na safari. Hapa njia hii inazishinda nyingine kwa urahisi. Kanuni ni ileile kila mji, na mchezaji hahitaji kuuliza amefika wapi.

Inawafaa wanaoshindana kwa bendera za nchi zao, michezo yenye mashindano machache makubwa kwa mwaka, na vyama vidogo visivyo na uwezo wa kujadiliana mkataba wao wenyewe.

Njia ya pili: kulegeza bila kuondoa

NFL ndiyo mfano mkubwa. Mkataba wa Machi 2020 uliondoa kufungiwa kwa sababu ya kipimo cha bangi pekee, ukapandisha kikomo kutoka 35 hadi 150, na ukapunguza muda wa kupima kutoka takribani miezi minne hadi wiki mbili mwanzoni mwa kambi ya mazoezi. Mwishoni mwa 2024 kikomo kilipanda tena hadi 350 na faini zikapunguzwa. NHL, ligi ya hoki ya barafu, ina namna yake ya kulegeza: inapima, lakini bangi haimo kwenye orodha ya vilivyokatazwa. Kiwango kikionekana cha kutisha, madaktari wa programu ya ligi humwita mchezaji wazungumze kwa siri.

Afya. Kipimo hapa kinakuwa mlango wa matibabu badala ya mtego, na ndiyo sababu naiheshimu njia hii. Mchezaji anajua lini atapimwa. Anayeshindwa kuacha hata kwa muda mfupi, huku akijua tarehe, anatoa ishara kwamba anahitaji msaada, na hiyo ni habari ya maana kwa daktari. Kwenye mchezo wa kugongana kama wa NFL, maumivu ni sehemu ya kazi. Utafiti wa mwaka 2011 uliohusisha wachezaji 644 wastaafu wa ligi hiyo ulikuta asilimia 52 walitumia dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni wakiwa bado wanacheza, na kati ya hao asilimia 71 walikiri kuzitumia vibaya. Mwaka 2022 ligi na chama cha wachezaji walitoa dola milioni moja kwa timu za watafiti za vyuo vikuu vya California San Diego na Regina, Kanada, zichunguze kama kemikali za bangi zinaweza kusaidia maumivu. Mtu anayelipia utafiti huku akilegeza kanuni taratibu angalau hajifungi macho.

Uwanjani. Msimu wenyewe haupimwi kwa bangi, kwa hiyo kipimo hakimlindi yeyote siku ya mechi. Kinachobaki ni macho ya makocha na madaktari.

Kipimo. Kikomo kikubwa kimefuta kesi za aina ya Gordon, za mtu kupatikana kwa nanogramu moja ya ziada. Hata hivyo swali la kwa nini 350 na si 300 au 500 halina jibu la kitabibu. Ni namba ya mazungumzo ya mkataba, na ni haki wachezaji waelezwe hivyo.

Adhabu. Faini bado zipo, na mzigo wake si sawa kwa wote. Faini ambayo nyota mwenye mkataba mkubwa hulipa bila kuisikia inaweza kumuumiza chipukizi anayepigania nafasi kwenye kikosi. Anayekataa kufuata programu ya matibabu kabisa ana hatari ya mambo kuwa makubwa zaidi.

Sheria na safari. Njia hii inaipa ligi ya Marekani ulinzi wa maneno, kwa sababu sheria ya shirikisho haijairuhusu bangi kwa starehe ingawa majimbo mengi yameiruhusu, Colorado na Washington yakitangulia mwaka 2012. Ligi inaweza kusema haijairuhusu na ikawa inasema kweli.

Inawafaa ligi zenye majeruhi wengi na madaktari wa kutosha, zile ambazo wamiliki na wachezaji hawajaaminiana vya kuondoa kila kitu, na zile zinazotaka kusogea hatua moja na kuangalia.

Njia ya tatu: kuondoa na kuitendea kama pombe

MLB ilitangulia. Desemba 2019 ligi hiyo ya besiboli na chama cha wachezaji waliondoa bangi ya asili kwenye orodha ya dawa za kulevya, na kwa mkataba uleule wakaanza kupima kokeni na dawa za jamii ya afyuni. NBA, ligi ya mpira wa kikapu, iliacha kupima bila mpangilio wakati wa janga la korona mwaka 2020, kisha mkataba ulioanza Julai 2023 ukaiondoa kabisa kwenye orodha. UFC ililegeza mwaka 2021 na kuiondoa mwishoni mwa 2023. Bangi za kutengenezwa maabara ni jambo lingine. Hizo usizichanganye na habari hii.

Afya. Uamuzi wa MLB ulifuata msiba. Tarehe 1 Julai 2019 Tyler Skaggs, mrushaji wa Los Angeles Angels mwenye miaka 27, alikutwa amekufa kwenye chumba cha hoteli huko Texas, na mwilini mwake mlikuwa na fentanili na oksikodoni, dawa za jamii ya afyuni, pamoja na pombe. Mfanyakazi wa klabu aliyepatikana na hatia ya kumpa vidonge alihukumiwa miaka 22. Ligi ilitazama mahali penye kifo na kuhamishia nguvu zake huko, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la busara kuliko yote katika mjadala huu. Ila tusivuke mpaka wa tunachokijua. Ripoti ya akademia za sayansi za Marekani ya 2017 ilikuta ushahidi mzito kwamba bangi husaidia maumivu sugu kwa watu wazima, na wengi wakaruka kutoka hapo hadi kusema bangi huokoa watu na dawa za afyuni. Utafiti maarufu wa 2014 ulionyesha vifo vichache vya dawa za afyuni kwenye majimbo yaliyoruhusu bangi ya tiba. Watafiti wengine walipoongeza miaka na kuchapisha matokeo mwaka 2019, uhusiano huo uligeuka ukawa kinyume. Kuondoa marufuku kunampa mchezaji chaguo. Hakuhakikishi kwamba ataacha vidonge.

Uwanjani. Kuitendea kama pombe maana yake ni kwamba kulewa kazini bado ni kosa. MLB iliwakumbusha wachezaji mapema 2020 kwamba atakayefika kazini akiwa amelewa, au atakayekamatwa akiendesha gari hivyo, anaweza kuadhibiwa. NBA inaruhusu timu kumpeleka mchezaji kwenye tathmini ikiona dalili za ulevi au uraibu. Hapa kila kitu kinategemea ujasiri wa kocha. Je, atamweka nje mfungaji wake bora usiku wa mchujo wa ubingwa kwa sababu macho yake hayako sawa? Kwenye mpira wa kikapu makosa yake yatagharimu pointi. Kwenye ulingo, uso unaopigwa ni wake.

Kipimo. Tatizo la mkojo linaisha kwa sababu mkojo haupimwi tena kwa bangi. Pengo linalobaki ni la kumtambua aliyelewa sasa hivi.

Adhabu. Ndogo kuliko zote, na zinafuata mwenendo badala ya namba ya maabara. Kabla ya hapo MLB ilikuwa na sura mbili: wachezaji wa ligi za chini walipimwa na kufungiwa, wakati wa ligi kuu hawakupimwa bangi bila sababu maalumu. Mabadiliko yalifuta ubaguzi huo, na hilo halisemwi vya kutosha.

Sheria na safari. Huu ndio udhaifu mkubwa. Ruhusa ya ligi inaishia kwenye lango la uwanja wa ndege. Kanada iliruhusu bangi tarehe 17 Oktoba 2018, na timu za NBA na MLB hucheza Toronto, lakini kuvuka mpaka nayo ni kosa hata kama umetoka jimbo linaloiruhusu na unaingia nchi inayoiruhusu. Brittney Griner, nyota wa mpira wa kikapu wa wanawake wa Marekani, alikamatwa uwanja wa ndege wa Sheremetyevo, Urusi, Februari 2022 akiwa na mafuta ya bangi yasiyofika hata gramu moja. Alihukumiwa miaka tisa na akarudi nyumbani Desemba mwaka huohuo kwa kubadilishana wafungwa. Ligi inayoondoa marufuku bila kuwafundisha wachezaji wake habari hii imeacha nusu ya kazi.

Inawafaa ligi zenye chama cha wachezaji chenye nguvu, zinazocheza zaidi mahali ambapo sheria imeshalegezwa, na zilizo tayari kuhamishia fedha za vipimo kwenye dawa zinazoua.

Uchague kwa hali uliyonayo

Kama mchezo wako uko chini ya WADA, huna uhuru wa kuchagua kanuni. Unachoweza kufanya ni kuwafundisha wachezaji saa na tarehe, na kudai wasimamizi waangalie matokeo yanayofutwa, kwa sababu hayo yanaweza kuumiza kuliko kifungo.

Kama mnaongoza ligi ya mchezo wa kugongana na chumba cha matibabu kimejaa sindano na vidonge, anzeni kuhesabu vidonge. Njia ya pili au ya tatu zote zinaweza kuwafaa, mradi dawa za jamii ya afyuni zipimwe na daktari wa maumivu asiwe mtu wa kocha.

Kama ni ngumi, mbio za magari au mchezo wowote ambao kuchelewa nusu sekunde kunaweza kuua, ondoeni kipimo cha siku za mapumziko mkipenda, lakini wekeni daktari huru mwenye mamlaka ya kumzuia mtu saa moja kabla ya kuingia. Mamlaka hayo yaandikwe. Yasiachwe kwa hisani.

Kama klabu ina chipukizi walio chini ya miaka 18, kanuni yao iwe tofauti na ya wakubwa. Ubongo wao bado unakua, na hapa naegemea upande wa kupima kwa ajili ya msaada, bila faini na bila jina kutangazwa.

Kama unajadiliana mkataba kwa niaba ya wachezaji, usikimbilie namba ya kikomo. Ulizia kwanza nani anaona matokeo, yanahifadhiwa muda gani, na chupa mbili zikipingana inasimama ipi.

Na kama wewe ni mchezaji wa ligi iliyoondoa marufuku, kisha simu ya timu ya taifa ikaita, tambua kwamba umehama nyumba moja kwenda nyingine usiku mmoja. Mchezaji wa NBA anayekwenda Olimpiki anarudi kwenye kikomo cha 150. Ukiwa unatumia kila siku, wiki moja ya kuacha inaweza isitoshe. Mwambie daktari wa timu ukweli, umwombe kipimo cha faragha kabla ya kambi, na uache mapema: mwezi mzima, au zaidi kama umetumia kwa muda mrefu. Na mafuta ya CBD yaliyoko kwenye begi lako yasome lebo kwa jicho la shaka, kwa sababu yanaweza kuwa na THC ambayo haikuandikwa, na jibu la maabara litakuwa na jina lako, si la kiwanda.